Vichupa viwili vimebaki, na mume wangu anamtaja mdogo wake

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 37, mume wangu 42, na huu ni mwaka wa sita wa ndoa yetu bila mtoto. Mwaka jana mume wangu alipimwa manii, majibu yakasema hakuna mbegu hata moja. Daktari akatuambia kwa kifupi tutafute mbegu za mchangiaji. Ilituchukua miezi mitano kulizungumza jambo hilo bila mmoja wetu kunyanyuka na kutoka chumbani. Mwishowe tulikubaliana kutumia benki ya mbegu, tukakubaliana pia kwamba asijue mtu, hata mtoto mwenyewe.

Mume wangu hakutaka tuonekane kliniki, kwa hiyo tulifanya nyumbani. Tulinunua vichupa vinne vya nusu mililita, vya mbegu zisizooshwa, yaani zikiwa bado na maji ya manii, kwa kuwa niliambiwa hizo ndizo za kuweka kwenye mlango wa kizazi. Mwezi wa kwanza nilipima mkojo kila asubuhi kuanzia siku ya 10, kwa kile kipimo cha kujua yai linakaribia kutoka. Siku ya 13 mstari wa pili ukakolea. Nikatoa kichupa kwenye mtungi wa nitrojeni, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto kiyeyuke upesi, nikavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaweka, nikalala nimeinua miguu nusu saa. Haikupita hata saa moja tangu nione ule mstari. Hedhi ikaja siku ya 28. Mwezi wa pili nilipima asubuhi na jioni, mstari ukakolea jioni, nikaweka usiku uleule. Hedhi ikaja tena.

Vichupa viwili vilivyobaki viko benki. Nimesoma kuhusu IUI, kwamba mbegu hupitishwa mpaka ndani ya mfuko wa uzazi. Je, naweza kununua ule mrija mwembamba nikajipitishia mwenyewe, au nivipeleke kliniki? Muuguzi mmoja amenishauri nisipoteze muda, niende moja kwa moja kwenye IVF, yaani yai na mbegu zikutanishwe maabara. Mume wangu naye amekuja na wazo lake: mdogo wake. Anasema mbegu mbichi zina nguvu kuliko za barafu, mtoto atafanana naye, na damu haitatoka nje. Shemeji ana watoto wawili na amekubali bila kusita. Ninayesita ni mimi, na nikiulizwa sababu sina.

Mzunguko wangu ni wa siku 26 hadi 29. Sina ugonjwa wowote, ila nikiwa na miaka 22 niliwahi kulazwa siku tatu kwa maambukizi ya nyonga, yaani ya viungo vya uzazi vya ndani, nikapona. Shangazi, njia ipi ina nguvu zaidi? Naogopa nikikosea hapa nitakuwa nimemaliza pesa, vichupa na umri kwa mpigo.

Anayesubiri

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa miezi hiyo miwili.

Umeniuliza njia ipi ina nguvu zaidi: mlango wa kizazi, ndani ya mfuko, au IVF. Katikati ya swali hilo umepachika lingine, kwamba mbegu ziwe za nani, na nikikusoma vizuri hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Nitayagusa yote. Lakini niruhusu nianzie mahali ulipopita mbio.

Siku tatu hospitali kwa maambukizi ya nyonga. Homa na maumivu vilipona, sawa. Ila maambukizi ya aina hiyo, hasa ya klamidia na kisonono, huweza kuacha makovu kwenye mirija ya uzazi bila kukuonyesha dalili yoyote, na hedhi ikaendelea kuja kwa tarehe zake. Yai na mbegu hukutana ndani ya mrija. Uweke mbegu mlangoni au zipitishwe mpaka ndani ya mfuko, safari ya mwisho ni ileile. Mirija yote miwili ikiwa imeziba, njia hizo mbili zinalingana: zote ni sifuri. Mrija ukiwa umebanwa bila kuziba kabisa, kuna hatari ya yai lililorutubishwa kukwama njiani na mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi, na mimba hiyo ikipasua mrija inaweza kuua. Huenda mirija yako ni mizima kabisa. Ninachosema ni kwamba hadi sasa hakuna aliyeitazama, na vichupa viwili vimekwisha.

Sasa tuje kwenye saa. Wewe umehesabu kwamba njia ya mlango wa kizazi imeshindwa mara mbili. Mimi sina hakika kama imejaribiwa hata mara moja. Mstari unapokolea, maana yake homoni ya LH imepanda, na kwa kawaida yai hutoka saa 24 hadi 36 tangu ilipoanza kupanda. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu mbichi zikikuta ute mzuri zinaweza kulisubiri hata siku tano, lakini zilizogandishwa zikayeyushwa hutegemewa kwa saa 12 hadi 24 tu. Mwezi wa pili ulipima asubuhi na jioni, kwa hiyo homoni ilikuwa imeanza kupanda mchana uleule, nawe ukaweka usiku. Inawezekana kabisa mbegu zilikuwa zimekwisha nguvu kabla yai halijatoka. Mwezi wa kwanza nina uhakika mdogo zaidi, maana anayepima mara moja kwa siku hajui kama homoni ilipanda alfajiri ile au jana yake mchana.

Halafu yale maji ya moto. Vichupa huyeyushwa kwenye joto la chumba au kwenye maji ya nyuzi 37, yaani joto la mwili, kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya benki. Fuata karatasi hiyo, wala usifuate aliyofanya mwingine, kwa sababu ujazo na plastiki hutofautiana. Mbegu huumia joto likipita la mwili kwa nyuzi chache tu, sembuse maji ya kuungulia mkono. Na kichupa kilichotoka kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, kinaweza kupasuka ukikitumbukiza ghafla kwenye joto: vaa glavu na miwani, na dirisha liwe wazi, maana mvuke wa nitrojeni hufukuza hewa chumbani. Kikishayeyuka hakigandishwi tena.

Kwa hiyo ukiamua kubaki nyumbani, kitakachobadilika ni saa. Pima mara mbili kwa siku, na ukiuona mstari, subiri. Wengi huweka karibu saa 24 baada ya mstari wa kwanza kukolea. Wapo wanaotumia vichupa viwili katika mzunguko mmoja, kwa kupishana saa kama 12, ili dirisha liwe pana. Faida yake unaiona, na gharama yake ni kwamba ukikosa, umebaki mikono mitupu. Weka polepole karibu na mlango wa kizazi, usisukume kwa nguvu, na usitumie mafuta wala jeli ya kulainisha, kwani nyingi huzuia mbegu kuogelea. Kulala dakika 15 kunatosha. Miguu si lazima iwe juu.

Ule mrija mwembamba, mwanangu, usiununue. Hapa ndipo nisipozungukazunguka. Manii yasiyooshwa yana prostaglandini, kemikali zinazoufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Yakikaa ukeni ute wa mlango wa kizazi huyachuja, mbegu zikapita na maji yake yakabaki. Ukiyavusha kwa mrija umeondoa kichujio hicho: maumivu makali ya tumbo, bakteria kuingia mahali pasipo na bakteria wengi, na kwa baadhi ya wanawake mwili mzima kupata mshtuko. Kwa mtu aliyewahi kuugua nyonga hatari hiyo ni kubwa zaidi. Na mkono usio na mafunzo unaweza kutoboa mfuko wenyewe.

Kliniki inaweza kuviosha vichupa vyako. Mbegu huyeyushwa, hupitishwa kwenye kimiminika maalumu ndani ya mashine ya kuzungusha, zilizokufa na maji ya manii hutengwa, na zinazoogelea hurudishwa kwenye kimiminika safi cha karibu nusu mililita au pungufu. Tatizo ni kwamba kila hatua hupoteza mbegu. Kichupa chako ni cha nusu mililita, na kuganda peke yake kumeshaondoa sehemu kubwa. Kabla hujavihamisha, iulize benki idadi ya mbegu zinazotembea baada ya kuyeyushwa. Maabara nyingi hupenda zibaki angalau milioni 5, na vichupa vinavyouzwa vikiwa vimeshaoshwa mara nyingi hulengwa kwenye milioni 10. Kama vyako vitabakiza milioni moja au mbili, pengine vina thamani zaidi kwa IVF, au mlangoni kama vilivyo. Vilivyooshwa, kwa taarifa yako, vinaweza kutumika pande zote mbili. Visivyooshwa upande mmoja tu.

IUI yenyewe ni jambo la dakika chache: kifaa cha kupanulia uke, katheta laini (ndiyo ule mrija mwembamba), bomba dogo, na maumivu kama ya siku ya kwanza ya hedhi. Nguvu yake iko kwenye maandalizi. Altrasaundi hufuatilia kifuko cha yai mpaka kifike milimita 18 hadi 20, wengine hupewa sindano ya hCG ya kulitoa yai, na mbegu huwekwa karibu saa 36 baadaye. Hapo hakuna kukisia mstari. Kwa mbegu zilizogandishwa IUI kwa ujumla hufanya vizuri kuliko mlango wa kizazi, kwa sababu mbegu zilizochoka haziachiwi kupanda ute zenyewe. Hata hivyo kwa umri wako tarajia nafasi ya karibu moja kati ya kumi kwa mzunguko, pengine zaidi kidogo. Nakutajia hivyo ili usije ukaijaribu mara moja, ikakosa, ukahesabu kwamba nayo imeshindwa. Hupimwa kwa mizunguko kadhaa.

Wataweza pia kukupa vidonge vya kuamsha mayai, letrozole au clomiphene, kwa siku tano za mwanzo wa mzunguko. Mzunguko wako uko sawa, kwa hiyo uliza vinaongeza nini kwako. Kwa clomiphene, mimba 5 hadi 10 katika kila 100 huwa za mapacha, na vifuko vikipevuka vingi kliniki yenye uangalifu huahirisha. Ukichomwa hCG usipime mimba mapema, maana sindano hiyo ni homoni ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba, hubaki mwilini karibu wiki mbili na kipimo kitakudanganya.

Muuguzi aliyekutajia IVF hakukosea, ila sijui kama alijua habari ya mirija. Ikiwa imeziba, hiyo ndiyo njia inayoivuka: sindano za homoni siku 10 hadi 12, mayai kuvutwa kwa sindano ukiwa umelazwa usingizi, mbegu kukutanishwa nayo maabara, kiinitete kurudishwa siku ya tatu au ya tano. Nafasi kwa kila jaribio ni kubwa kuliko IUI, na mbegu chache zinatosha, hivyo vichupa vyako visingepotea. Mzigo wake ni dawa, gharama, na ovari zinazoweza kuvimba kupita kiasi. Mirija ikiwa imejaa maji, madaktari wengi hupendekeza ishughulikiwe kwanza kwa upasuaji, kwa kuwa maji hayo hushusha sana nafasi ya kiinitete kushika. Miaka 37 inakuambia usikae mwaka mzima ukijaribu. Haikuambii uruke kila hatua leo.

Kabla ya shemeji, nikuulize kuhusu mume wako. Alipimwa mara ngapi? Kukosa mbegu huthibitishwa kwa vipimo viwili vilivyoachana wiki kadhaa, na manii huzungushwa kwenye mashine ili mbegu moja moja itafutwe chini. Je, manii yalikuwa kidogo kuliko kawaida? Hilo huweza kuonyesha njia imeziba wakati korodani zinatengeneza mbegu vizuri. Je, alipimwa homoni na vinasaba? Je, amewahi kutumia sindano za testosteroni, za mazoezi au za kuongeza nguvu? Hizo huzima utengenezaji wa mbegu, na mara nyingi hurudi miezi kadhaa baada ya kuacha. Hata pale korodani zenyewe zina hitilafu, kwa baadhi ya wanaume daktari wa upasuaji hupata mbegu kwa darubini, za kutumika kwenye IVF. Sisemi hivyo kukupa tumaini la bure. Huenda yote yalifanyika na hukuona haja ya kuandika. Ila “tafuteni mchangiaji” ni jibu fupi mno kwa kipimo kimoja.

Na mdogo wake. Mume wako yuko sahihi kwamba mbegu mbichi hudumu muda mrefu zaidi, na ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana takriban nusu ya vinasaba. Lakini linganisha na kile ambacho benki imekufanyia bila wewe kuona. Mchangiaji wa benki hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende na mengine, mbegu hugandishwa, na kwa utaratibu uliozoeleka husubiri karibu miezi sita apimwe tena, kwa sababu maambukizi mapya huweza yasionekane kwenye kipimo cha kwanza. Mbegu mbichi za shemeji haziwezi kusubiri. Watoto wawili hawathibitishi kwamba manii yake ya leo ni mazuri, wala kwamba hana selimundu ya kurithisha. Wewe na yeye mkiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Kundi lako la damu likiwa hasi, nalo lijulikane mapema. Kliniki inaweza kugandisha mbegu zake na kuzipitisha kwenye subira hiyohiyo, ila hapo ile faida ya ubichi imeondoka.

Umesema shemeji amekubali bila kusita. Mke wake je? Na kama alikubali akiwa amesimama mlangoni, ameshawahi kukaa akafikiria kumwona mtoto huyo kila sikukuu na kuitwa baba mdogo? Katika baadhi ya nchi mbegu zikiwekwa nyumbani sheria humtazama aliyezitoa kuwa ndiye baba, ilhali kliniki, kwa fomu za ridhaa mlizotia saini, humtambua mume. Ulizeni mwanasheria wa mahali mlipo kabla ya kikombe chochote. Kusita kwako hakuhitaji sababu iliyonyooka ili kusikilizwe. Jaribu kumwambia mume wako kwamba unasita, uishie hapo, halafu umsikilize yeye naye anaogopa nini anaposema damu isitoke nje.

Ile siri mliyoikubaliana, nayo mwitazame upya. Mkimwingiza shemeji tayari ni ya watu wanne. Hata kwa mchangiaji wa benki, vipimo vya vinasaba vya kununua vimefanya watu wengi wagundue ukubwani jambo ambalo wazazi waliapa lisitoke. Washauri wengi wa uzazi siku hizi huelekeza wazazi wamwambie mtoto angali mdogo, kwa maneno ya kitoto, asije akalisikia kama habari ya mshtuko. Uingereza, kwa mfano, anayechangia mbegu tangu Aprili 2005 hujulikana kwa mtoto akitimiza miaka 18 na kuomba. Ulizeni benki yenu mchangiaji wenu ni wa aina gani. Jibu hilo huenda likabadilisha hata mnavyoutazama uamuzi wa shemeji.

Vichupa vyako haviozi. Vikiwa ndani ya nitrojeni vinaweza kukaa miaka, kwa hiyo mwezi mmoja wa kupima hauvipunguzii kitu. Picha ya mirija hufanywa hedhi ikishakauka na kabla yai halijatoka. Kwa mzunguko wako ni kama siku ya 6 hadi ya 10. Dawa hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na eksirei huonyesha kama inamwagika upande wa pili. Inauma kiasi, meza dawa ya maumivu saa moja kabla. Na mtajie daktari ile nyonga ya ukiwa na miaka 22 kabla hajaanza, kwa sababu ndiyo itakayomfanya aamue kama akupe antibiotiki kwanza.

Shangazi